Zoezi la Tatu: Nani Anatazama?

Swali la Bi Mnkande lilikuwa jepesi kulisoma:
chukueni video ya muziki mliyotengeneza wenyewe,
ipimeni kwa nadharia. Kurasa nne.
Nikakaa na kompyuta ya kuazima, Barabara ya Kumi na Mbili,
feni ikilalamika, nikaanza mwanzo.

Sekunde ya tatu: gari.
Nadharia yasema kila aina ya kazi ina alama zake,
na mtazamaji huzidai kama mgeni anavyodai maji.
Basi tuliweka gari, miwani, moshi wa udi kwenye bati,
maana mashine ya moshi hukodishwa kwa bei ya mbuzi.
Gari la mteja wa gereji, Chumbageni. Halikuwaka.
Waja leo, waondoka leo, husemwa juu ya mji wetu;
gari letu halikuja wala halikuondoka,
lilisukumwa na wanne, Sekibaha akiimba, usukani mkononi,
kana kwamba upepo wa njia ya Pangani unampiga usoni.
Upepo wenyewe ni Mntambo na kipande cha boksi.

Sekunde ya ishirini na sita: Zawena.
Shingo hadi goti.
Thelathini: Zawena. Kiuno.
Thelathini na nne: mgongo, bangili, kiuno tena.
Nadharia ina maneno kwa hili, nimeyapigia mstari mara mbili:
jicho la kamera lina mwenyewe,
na mwenyewe mara nyingi ni mwanaume aliyejikalia kimya.
Nikaandika: "Watengenezaji wa video hii wali—"
nikasita.
Watengenezaji.
Kidole kilichobonyeza ndicho hiki kilichoshika kalamu.

Yeye alishaniambia, bila nadharia,
siku ya kwanza tulipoitazama, watu wanane, skrini moja:
"Na kichwa changu mmekipeleka wapi?"
Tukacheka. Hakucheka.
"Nilisuka tangu alfajiri. Mistari kumi na minane, shanga moja moja.
Nani kaiona?"

Ukurasa wa tatu: hadhira.
Mtunzi hufunga mzigo, mtazamaji huufungua kwa kisu chake.
Kweli tupu. Kinyozi wa Ngamiani aliicheza kutwa nzima
na hakuna aliyesikia wimbo.
"Hilo si gari la Kihiyo?"
"Ndilo."
"Si bovu?"
"Bovu. Angalia magurudumu, yanazunguka kama yanaumwa."
Mama yake Zawena aliuliza gauni ni la nani, litarudishwa lini.
Kihiyo alimuuliza fundi.
Fundi hajasoma ukurasa hata mmoja wa nadharia,
ila alituelewa vizuri kuliko tulivyotaka,
na gereji hatukanyagi tena.

Bi Mnkande aliisimamisha mahali tusipopajua:
sekunde ya hamsini, kioo cha duka la vitambaa.
Ndani ya kioo, gari linapita, na nyuma yake migongo minne,
kandambili zinateleza, mmoja kavua shati.
"Hawa nao ni akina nani?
Sijaona majina yao mwishoni."
Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na jina la mwenye miwani.

Sasa ni saa nane usiku na nimefungua folda ya makapi.
Kipande cha arobaini na moja. Nilikiandika: *kimeharibika*.
Zawena anasubiri wingu lipite.
Anakula mihogo ya kukaanga, pilipili imemzidi,
anapuliza ulimi, shanga zinagongana, kichwa kizima kipo.
Kisha anageuka, ananitazama mimi,
si mwenye gari, si kinyozi, si yule asiyejulikana:
"Umewasha?"

Siku ile nilisema hapana.
Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Kazi inakusanywa saa nne asubuhi.
Ukurasa wa nne una sentensi moja, nimeifuta mara tatu,
na kipande kile nimesahau kukisimamisha,
kinajirudia:
muhogo, pilipili, wingu,
umewasha?